Shajara ya Mradi: Aya Moja ya Kutoka na Safari Yake Hadi Paris

Tarehe 3 Februari

Leo nimeufuta mpango wa kwanza wa kijitabu hiki. Nilikuwa nimeupanga katika sura tatu zilizonyooka: dini ya Wayahudi, kisha falsafa ya Wagiriki, kisha ustaarabu wa Ulaya ya Magharibi katika zama za kati, kana kwamba sura ya tatu ni jumla ya mbili za kwanza. Baada ya miezi miwili ya kuandika nimekiri kwamba sura hiyo ya tatu haiandikiki. Kila nilipojaribu kueleza jinsi mambo hayo mawili yalivyochanganyika, nilijikuta nikirudia maneno makubwa makubwa, imani na akili, Yerusalemu na Athens, bila kumwonyesha msomaji mtu hata mmoja akifanya kazi yoyote.

Wasomaji ninaowaandikia ni wenzangu wa kikundi chetu cha kusoma, watu wazima kumi na wawili, Wakristo kwa Waislamu, wanaokutana Jumamosi mbili kila mwezi. Hakuna kati yao anayesoma Kilatini, lakini hakuna pia anayeridhika kuambiwa tu kwamba jambo fulani “liliathiri” jambo jingine. Watauliza liliathiri vipi, kwa mkono wa nani, na katika maneno gani. Kwa hiyo kijitabu kitakuwa na vifungu vifupi vya maandishi ya kale nilivyovitafsiri, kila kimoja na maelezo yake, na uti wake wa mgongo utakuwa aya moja tu: Kutoka 3:14, ambamo Mungu anamtajia Musa jina lake kutoka katika kichaka kinachowaka. Nimeichagua kwa sababu nimeikuta kwa Philo, kwa Agostino, askofu wa Afrika Kaskazini, kwa Maimonides, mwanafalsafa wa Kiyahudi, na kwa Thomas Aquinas, mtawa na mwalimu wa Paris, ambaye Wakatoliki wa kwetu humwita Thoma wa Akwino. Wanne hao wasingekubaliana juu ya mengi, ila wote walisimama mbele ya kichaka kilekile kinachowaka.

Tarehe 9 Februari

Siku sita zimepita na bado niko katika aya hiyo moja.

Musa anauliza jina la anayemtuma, naye anajibiwa kwa Kiebrania: “ehyeh asher ehyeh”. Kitenzi hicho ni cha nafsi ya kwanza na hali yake ni ya jambo ambalo halijakamilika, kwa hiyo chaweza kufasiriwa “niko” na chaweza pia kufasiriwa “nitakuwa”. Aya mbili tu nyuma yake, katika 3:12, neno lilelile limetumika Mungu anapomwahidi Musa kwamba atakuwa pamoja naye, na hapo hakuna anayebishana juu ya maana: ni ahadi ya mwenzi wa safari.

Katika karne ya 3 KK, Wayahudi wa Aleksandria, ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kukizoea Kigiriki kuliko Kiebrania, walianza kuitafsiri Torati. Walipofika hapa waliandika “ego eimi ho on”, yaani “Mimi ndimi yule aliye”. Ahadi imegeuka kuwa sifa ya kudumu. Kwa msikilizaji aliyelelewa na Plato, neno “on” lilikuwa zito tayari, kwa maana katika Timaeus Plato anatenganisha kile ambacho kipo siku zote bila kuzaliwa na kile ambacho huzaliwa siku zote bila kuwepo kikamilifu. Sidhani kwamba watafsiri wale walikusudia kumpandisha Plato mlimani Sinai. Walikuwa wakitafuta Kigiriki chenye heshima. Lakini aliyesoma tafsiri yao akiwa na Plato kichwani hakuhitaji kushurutishwa ili aone kwamba Musa na mwanafalsafa huyo walizungumzia jambo moja. Kwamba Wayahudi wenyewe hawakuridhika wote na tafsiri hiyo, tunaona kwa Aquila, ambaye katika karne ya 2 BK aliitafsiri upya, “nitakuwa ambaye nitakuwa”. Ulaya ya Kilatini haikumfuata Aquila. Ilipokea “ego sum qui sum” ya Jerome, aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, na juu ya maneno hayo manne ikajenga.

Kisha nikafungua Biblia ya Kiswahili na kusoma: “MIMI NIKO AMBAYE NIKO”. Hapa ndipo siku tatu zilipokwenda. Kiambishi “-ko” ni cha mahali. Tukibisha hodi na kuuliza “Baba yuko?” hatuulizi kama baba ni miongoni mwa vitu vyenye uwepo, tunauliza kama tutamkuta. Kwa sarufi yake tu, Kiswahili kimemrudisha Mungu wa aya hii karibu na ahadi ya aya ya 12 na mbali na Plato, iwe watafsiri walikusudia hivyo au hawakukusudia. Nilifurahi sana kwa dakika kumi, halafu nikaona tatizo: msomaji wangu akikutana na “niko” katika ukurasa wa Thoma, hataelewa kamwe kwa nini mtu huyo alijenga juu yake elimu nzima ya uwepo. Nimeamua aya ichapwe mara nne, Kiebrania, Kigiriki, Kilatini na Kiswahili, kila moja na tafsiri yake ya neno kwa neno, na katika vifungu vya Kilatini nitumie “Mimi ndimi niliye”.

Tarehe 15 Februari

Philo amekamilika, kwa ufupi kuliko nilivyotarajia. Alikuwa Myahudi wa Aleksandria, wa zama za Yesu, aliyeandika Kigiriki tupu. Katika maisha ya Musa aliyoyasimulia, Mungu anaieleza aya yetu kwa kumwagiza Musa awafundishe watu kwanza tofauti kati ya aliye na asiye, kisha wajue kwamba hakuna jina linalomfaa hasa. Mambo mawili yaliyokuja kuwashughulisha wanazuoni wa Paris zaidi ya miaka 1,200 baadaye yamo ndani ya sentensi hiyo. Wayahudi hawakumhifadhi Philo kwa karne nyingi. Waliomnakili ni Wakristo.

Kwa Agostino nilichukua kifungu kutoka kitabu cha nane cha Mji wa Mungu, ambamo anajiuliza kama Plato aliwahi kuvisoma vitabu vya Wayahudi. Anakiri kwamba miaka haikubali Plato kukutana na nabii Yeremia, kisha anasema kwamba kinachomvuta zaidi aamini kuwa Plato alivijua vitabu hivyo ni maneno ya Mungu kwa Musa pale kichakani. Kifungu hicho kinaonyesha wazi jinsi tafsiri ya Aleksandria ilivyofanya kazi yake: Agostino anashangaa kumkuta Plato ndani ya Kutoka, wakati Kigiriki ndicho kilichomkaribisha humo.

Jerome nimempa ukurasa mmoja kwa ajili ya tukio moja. Alipokuwa Bethlehemu alitaka kujifunza Kiebrania sawasawa, akamlipa mwalimu wa Kiyahudi aitwaye Baraninas, aliyekuja kumfundisha usiku kwa kuwaogopa Wayahudi wenzake, na Jerome akamtania kwamba ni Nikodemo mwingine, yule aliyemjia Yesu usiku. Biblia iliyosomwa katika makanisa na vyuo vya Ulaya kwa miaka elfu moja inadaiwa kitu na mtu huyo aliyepita gizani.

Tarehe 22 Februari

Katika kikao cha leo bibi mmoja wa kikundi aliniuliza swali lililonitoa kwenye reli yangu: haya yote ni ya wasomi, je, mkulima wa Ufaransa wa mwaka 800 aliipata wapi dini ya Wayahudi? Swali lake ni la haki na nimeliandikia kurasa mbili.

Aliipata kila mahali, ila hakuijua kwa jina hilo. Watawa waliokuwa jirani yake, kwa kanuni ya Benedikto, walipaswa kuimaliza Zaburi yote, sura 150, kila juma. Mfalme wake alipakwa mafuta kwa mfano wa Samweli alivyompaka Sauli na kisha Daudi, desturi iliyoanza kwa wafalme wa Wafaranki na Pippin mwaka 751. Mwanawe, Charlemagne, aliitwa Daudi na wasomi wa ikulu yake. Zaka aliyotozwa, sehemu ya kumi ya mavuno yake, ilikuwa imetoka katika Torati na kufanywa sheria ya dola mwaka 779. Hata kupumzika kwake siku moja katika saba kulikuwa kwa Kiyahudi. Falsafa ya Wagiriki haikumgusa hivyo. Ilikuwa imelala katika vitabu vichache: nusu ya Timaeus katika Kilatini cha Calcidius, na maandishi ya mantiki ya Aristotle yaliyotafsiriwa na Boethius, aliyekusudia kuwatafsiri Plato na Aristotle wote akauawa mnamo mwaka 524 kabla ya kufika mbali. Kwa hiyo ule mchanganyiko unaosimuliwa kana kwamba ulitokea mara moja na kwa vipimo sawa haukuwa hivyo: cha Wayahudi kilikuwa chakula cha kila siku kwa karne nyingi kabla cha Wagiriki hakijawasili kwa wingi.

Tarehe 2 Machi

Kosa, na lazima nilirekodi. Katika orodha yangu ya wanafalsafa nilimweka “Avicebron”, mwandishi wa Chemchemi ya Uzima, chini ya kichwa cha Waislamu wa Andalusi, kwa sababu muhtasari mmoja wa zamani niliokuwa nao ulimweka hapo. Nilikuwa nimekwisha kuandika aya tatu juu yake ndipo nilipogundua. Avicebron ni Solomon ibn Gabirol, mshairi wa Kiyahudi wa karne ya 11, ambaye mashairi yake huswaliwa katika masinagogi hadi leo. Kitabu chake alikiandika kwa Kiarabu, hakunukuu Maandiko hata mara moja, na asili ya Kiarabu ikapotea. Walioisoma tafsiri ya Kilatini walidhani ni Mwarabu Mwislamu, na wengine, kama William wa Auvergne, askofu wa Paris, walidhani ni Mkristo. Kosa hilo lilidumu hadi mwaka 1846, Salomon Munk alipokuta Paris vipande vya kitabu hicho kwa Kiebrania na kumtambua mwenyewe. Nimejifariji kwamba kosa langu ni la umri wa miaka 700.

Limenifundisha pia namna ya kuiandika sura ya Toledo, mji wa Hispania. Mji huo uliingia mikononi mwa Wakristo mwaka 1085 ukiwa na maktaba za Kiarabu na watu waliozisoma. Gerard wa Cremona alifika hapo akitafuta kitabu kimoja tu cha nyota, Almagest, na hadi alipofariki mwaka 1187 alikuwa ametafsiri zaidi ya vitabu 70. Lakini picha ninayoitaka ni ya meza moja. Katika dibaji ya tafsiri ya kitabu cha Ibn Sina juu ya nafsi, Mwisraeli aliyejiita Avendauth, ambaye wanahistoria wengi wanamtambua kuwa Abraham ibn Daud, anaeleza jinsi walivyofanya kazi: yeye akilisoma neno la Kiarabu na kulitamka kwa lugha ya kawaida ya mtaani, na shemasi mkuu Dominicus akiligeuza neno hilo kuwa Kilatini. Mawazo ya Aristotle, yaliyopitia Baghdad na kuchujwa na tabibu Mwislamu wa Bukhara, yanatoka kinywani mwa Myahudi kwa Kihispania kichanga na kutua katika kalamu ya kasisi. Anayetaka kuandika juu ya Wayahudi na Wagiriki huko Magharibi na akamwacha Mwarabu nje ya mlango, hana sura ya Toledo. Neno letu wenyewe la “falsafa” lilipita njia hiyo ya Kiarabu, ila lilipofika njia panda likashika njia ya kusini.

Tarehe 14 Machi

Maimonides, au Musa bin Maimun, amenichukua majuma mawili kasoro siku mbili, na sijutii.

Alizaliwa Qurtuba mnamo 1138, akafa Fustat, Misri, mwaka 1204. Kitabu chake cha Mwongozo wa Waliotatizika alikiandika kwa Kiarabu katika herufi za Kiebrania, kwa ajili ya Myahudi aliyeishika Torati, kisha akasoma falsafa, akabaki kati. Samuel ibn Tibbon wa Lunel, kusini mwa Ufaransa, alipomwomba ruhusa ya kumtembelea ili waijadili tafsiri ya Kiebrania, alijibiwa mwaka 1199 kwa barua ambayo ndani yake mwanafalsafa anaieleza siku yake. Anakwenda Cairo kila asubuhi kumwangalia Sultani na watu wa nyumba yake. Anarudi Fustat adhuhuri imekwisha pita, ana njaa, anakuta baraza imejaa wagonjwa, Wayahudi na wasio Wayahudi, wakubwa kwa wadogo. Anashuka kwenye mnyama wake, ananawa mikono, anawaomba wamvumilie ale kidogo, chakula chake pekee cha siku nzima, kisha anawatibu hadi usiku. Katika barua hiyohiyo anamwonya Samuel kwamba mtafsiri anayefuata neno kwa neno ataharibu kazi, na kwamba ni lazima kwanza aielewe maana, halafu aiseme upya. Nimeibandika nakala ya maneno hayo juu ya meza yangu. Samuel alimaliza tafsiri yake mwishoni mwa Novemba 1204, majuma kama mawili kabla ya mwandishi kufa.

Aya yetu imo katika sura ya 63 ya sehemu ya kwanza. Maimonides anaisoma kuwa na maana ya aliyepo ambaye ndiye aliyepo, yaani yule ambaye uwepo wake ni wa lazima. Hilo ni neno la Ibn Sina, “wajib al-wujud”, limewekwa kinywani mwa Mungu wa kichakani. Hapa Kiswahili kilinitega. “Wajibu” tunalo, lakini kwetu limekuwa la kazi na deni, wajibu wa mzazi, wajibu wa raia. Nikiandika “Mwenye uwepo wa wajibu” msomaji atadhani Mungu amepangiwa zamu. Nimetumia “ambaye hawezi asiwepo”. Ni maneno mengi zaidi, lakini yanasikika.

Penginepo lugha ilinibeba. Mzozo mkubwa kati ya Torati na Aristotle ulikuwa juu ya mwanzo wa dunia: Mwanzo 1:1 inasema iliumbwa, Aristotle anasema haikuwa na mwanzo. Kiswahili kina “azali” kwa kisicho na mwanzo na “abadi” kwa kisicho na mwisho, kwa hiyo niliandika bila taabu yoyote kwamba Aristotle aliiona dunia kuwa ya azali. Maimonides anasema, na hapa ndipo ujasiri wake ulipo, kwamba haukatai uazali kwa sababu ya aya za Torati, maana aya hizo zingeweza kufasiriwa kimafumbo kama zile zinazotaja mkono wa Mungu. Anaukataa kwa sababu Aristotle hakuuthibitisha, na kwa sababu ungeifuta sheria tangu shina lake. Akili haiwezi kukata shauri, manabii ndio wanaolikata. Kurasa hizo zilitafsiriwa kwa Kilatini katika nusu ya kwanza ya karne ya 13, na Paris ikazisoma kama za “Rabi Musa”.

Tarehe 20 Machi

Ingizo fupi juu ya riba, ambalo huenda likawa kiambatisho. Kwa Kiebrania riba inaitwa “neshekh”, neno la mzizi wa kuuma, kama nyoka anavyouma. Kwa Kigiriki ni “tokos”, yaani kizazi, na Aristotle katika Siasa anaishutumu kwa sababu fedha haina tumbo la kuzaa fedha. Thoma, katika swali lake juu ya riba, anaanza na Kutoka 22 inayokataza kumtoza riba maskini, kisha anamwita Aristotle kuthibitisha kwamba jambo hilo ni kinyume cha maumbile. Sheria ya kumhurumia ndugu na hoja juu ya asili ya sarafu zimefungwa kamba moja. Kumbukumbu la Torati iliwaruhusu Wayahudi kumtoza riba mgeni, na Wakristo, waliojikataza wenyewe na kuwafungia Wayahudi kazi nyingine nyingi, waliwasukuma katika kazi hiyo na kisha wakawachukia kwayo.

Tarehe 5 Aprili

Sura ya Paris imekamilika katika rasimu.

Niliiweka mwanzoni mwake orodha ya miaka, kwa sababu bila hiyo msomaji atadhani mambo yalikwenda kwa utulivu. Mwaka 1210 vitabu vya Aristotle vya maumbile vilipigwa marufuku Paris. Mwaka 1255 kitivo cha sanaa cha chuo hichohicho kiliviweka katika mtaala wa lazima. Mwaka 1240 marabi waliitwa kuitetea Talmudi, mkusanyiko wa sheria na mijadala ya marabi, mbele ya baraza la mfalme, na mwaka 1242 magari 24 ya vitabu vya Talmudi yalichomwa moto hadharani. Meir wa Rothenburg aliuandikia moto huo ombolezo ambalo bado husomwa. Mji uliomnukuu Rabi Musa kwa heshima uliviteketeza vitabu alivyovisoma Rabi Musa tangu utotoni, na sikuweza kulitia jambo hilo katika tanbihi.

Thoma alifika Paris miaka michache tu baada ya moto huo. Ukurasa nilioutafsiri ni ule maarufu wa Summa Theologiae, swali la pili, kifungu cha tatu: je, Mungu yupo? Kwa desturi ya chuo anaanza na hoja za wanaopinga, kisha anaweka neno moja la kuzizuia, na neno hilo ni aya yetu, “Mimi ndimi niliye”. Mstari unaofuata anaanza njia tano za kuthibitisha, na ya kwanza, anayoiona kuwa dhahiri zaidi, ni ya mwendo: kila kinachosogea kinasogezwa na kingine, hadi tufike kwa msogezaji asiyesogezwa. Hiyo ni ya Aristotle. Kati ya kichaka cha Musa na hoja ya Aristotle hakuna hata aya moja ya kuomba radhi.

Mbele kidogo anamkosoa Maimonides, aliyeshikilia kwamba tukisema Mungu ni hai tunasema tu kwamba hafanani na vitu visivyo na uhai. Thoma anaona hiyo haitoshi. Lakini juu ya mwanzo wa dunia anakwenda njia ya Maimonides: ni jambo la imani, haliwezi kuthibitishwa kwa hoja. Alifariki tarehe 7 Machi 1274. Miaka mitatu baadaye, tarehe ileile, askofu wa Paris, Étienne Tempier, alizilaani kauli 219 zilizofundishwa chuoni, ile ya dunia kuwa ya azali ikiwemo.

Tarehe 12 Aprili

Leo nimeisoma rasimu ya Paris mbele ya kikundi. Nilikuwa na wasiwasi na kifungu kimoja tu, swali la 13, ambamo Thoma anauliza jina gani linamfaa Mungu zaidi na kujibu “Qui est”. Nilikuwa nimeandika “Aliye”. Nilipolitamka, mzee wetu mmoja, aliyefundisha madrasa kwa miaka mingi, aliinua mkono.

“Samahani, mwalimu. Aliye nani? Aliye wapi? Sentensi haijakwisha.”

Wote walicheka, nami nikaandika pembeni kwamba nibadilishe iwe “Aliyepo”. Nilipofika nyumbani nilikisoma tena Kilatini kabla ya kufuta. Thoma anasema kwamba majina mengine yote yanamwekea Mungu mpaka, yanamwita hivi au vile, na kwamba jina hili ndilo bora kwa sababu halimwekei mpaka wowote. Anamnukuu Yohane wa Dameski kwamba ni kama bahari ya dhati isiyo na ukomo. Nimeirudisha “Aliye” mahali pake. Swali la mzee nimeliweka katika maelezo, kwa maneno yake mwenyewe, mara tu baada ya kifungu.